Mashine Isiyojua Mwaka

Mashine ya Latifa, kompyuta yake ya kupigia watu barua, iligoma Jumanne asubuhi, siku sita kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Iliwaka, ikatoa kioo cha bluu chenye maandishi meupe, ikajizima. Aliiwasha mara saba. Mara ya nane aliondoa kidole kwenye kitufe, akavuta kitambaa kilichofunika vitufe vya klavye na kuanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Juu ya meza, kando ya printa, ilikuwa bahasha ya kaki iliyozungushiwa skochi, utepe wa gundi. Prefe Bienvenu, mkuu wa shule ya sekondari, alikuwa ameipitisha sahihi yake juu ya skochi ile, nusu kwenye karatasi, nusu kwenye plastiki, ili ajue ikifunguliwa. Ndani yake kulikuwa na maswali ya masomo kumi na manne, yote kwa mwandiko wa Prefe mwenyewe.

Mapatano yao yalikuwa na miaka minne na hayakuandikwa popote. Latifa alipiga chapa mitihani ya shule. Shule haikumdai minervali, yaani ada, binti yake Aicha, aliyekuwa sasa darasa la tano la sekondari. Masharti yalikuwa mawili. Karatasi zote zifike Jumamosi, saa sita mchana. Na wiki ambayo bahasha iko nyumbani, Aicha asikanyage humo. Alilala kwa nyanya yake, mitaa miwili chini, na hata nguo zake alipelekewa. Latifa mwenyewe ndiye aliyeweka sharti hilo la pili. Kasongo si mji wa kuacha watu waseme.

Prefe hakumpa kazi hiyo kwa huruma. Alikuwa na mwandiko ambao walimu wenzake waliuita njia ya Kabambare: mashimo, kona, na mahali ambapo hujui kama bado uko barabarani. Latifa aliusoma bila kupunguza mwendo. Kijana wa upande wa pili wa barabara, Alain, alikuwa na laptop mpya na printa ya rangi, lakini mwaka jana alipopewa karatasi moja ya kujaribu aliandika "mapafu" mahali pa "mapato", na darasa zima la uchumi likajibu kuhusu kupumua.

"Mara hii ataweza," alisema Nourdine, mume wake. Alikuwa amesimama mlangoni, akipanga simu za wateja kwenye ubao wa kuchajia. "Prefe akisikia mashine imekufa, anavuka barabara. Hatua kumi na mbili. Nilizipima."

"Nenda ukamwite Ayoubu wa redio, badala ya kupima barabara."

Ayoubu alikuwa fundi wa redio ya mji, mtu mrefu aliyezungumza kana kwamba kila neno linakula betri. Alifungua kisanduku, akapuliza, akaingiza CD aliyokuja nayo, akatazama kioo kwa robo saa. Kisha akazima.

"Mama Aicha, ugonjwa iko mbili. Windows yako imejaa virusi za flash za watu. Hiyo tunaitoa yote, tunaweka Linux. Ku redio tunatumia hiyo, mwaka wa sita sasa, haijalala."

"Inaomba pesa?"

"Haiombi pesa. Inaomba memwari. Hii yako iko na mia mbili hamsini na sita. Linux imeanza, imetembea kidogo, imekaa chini. Inataka mara mbili."

"Lakini disiki yangu iko kubwa. Barua za watu wote wa mtaa ziko humo na nafasi inabaki."

"Disiki ni kabati. Memwari ni meza. Kabati yako iko kubwa, lakini meza ni ya sahani moja." Alichomoa kipande chembamba cha kijani, urefu wa kidole, akakiinua. "Tunatafuta bareti ingine kama hii. Ya aina hii hii. Ya laptop za sasa haiingii."

"Tunapata wapi?"

"Kasongo, hapana. Mulikuwa na mashine mbili, pacha. Ya pili ilikwenda wapi?"

Nourdine alianza upya kupanga simu.

"Baba Aicha," alisema Latifa, "umeulizwa."

"Iko Lusangi. Kwa Abdallah."

"Basi, munayo," Ayoubu alisema, akifunga kisanduku. "Na hii betri ya saa nayo imekufa, ile ya duara. Hiyo si kitu. Itasahau tu mwaka."

Ayoubu alipotoka, Nourdine alisema lile ambalo mkewe alikuwa akilingoja. "Mimi kwa Abdallah siende."

"Najua. Nitakwenda mimi."

*

Aliondoka Jumatano kabla jua halijapanda, nyuma ya pikipiki ya mwendeshaji aitwaye Abedi, akiwa na bisibisi mbili kwenye mkoba na kitenge cha pili cha kufunika vumbi. Walianguka mara moja, polepole, kwenye tope la mvua ya mwisho, na walishuka na kusukuma mara ambazo Latifa aliacha kuzihesabu. Alikuwa akifanya hesabu nyingine: Alhamisi kurudi, Ijumaa Linux, Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi kupiga karatasi kumi na nne. Kila pikipiki ilipozama, aliitoa saa moja katika Ijumaa.

Abdallah, mtoto wa baba mkubwa wa Nourdine, alikuwa na duka Lusangi: chumvi, sabuni, beleshi na, kwenye meza ya ndani, ununuzi wa dhahabu. Wachimbaji watano walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja kupimiwa. Latifa aliiona pacha ya mashine yake kabla ya kumwona mwenyeji. Kisanduku kilikuwa kimelazwa ubavu juu ya meza, na juu yake, ndani ya kasha la kioo, kulikuwa na mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Chini ya kona moja palikunjwa kipande cha katoni ili kila kitu kikae sawa.

"Shemeji Latifa! Unatoka Kasongo na matako yangali mazima?"

"Yangali, shemeji, lakini usiyaulize habari ya safari."

Wachimbaji wakacheka. Alipewa kiti, maji, kisha chai, na Abdallah akampimia kila mmoja wa wale watano kwa utaratibu wake, huku akimuuliza Latifa kuhusu mama, kuhusu bei ya sukari, kuhusu Aicha; kuhusu Nourdine, hapana. Saa nzima ikapita. Alijua anaulizwa nini kwa kutoulizwa.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nimekuja kuomba kitu kidogo kiko ndani ya ile sanduku. Kidole kimoja. Kwako hakina kazi."

"Ile sanduku?" Abdallah aliigeukia kana kwamba haijawahi kuwa dukani kwake. "Ile aliniuzia muume wako. Unajua ilitumika siku ngapi? Kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilimupigia. Akaniambia, umeme wa Lusangi iko mubaya. Lusangi hatuna umeme, shemeji. Nilikuwa na panneau ya jua, mupya."

"Najua."

"Sasa imepata kazi. Haitetemeki. Ukiisogeza nusu kidole, mizani inasema uongo, na hawa watanikata kichwa."

"Acha mama atafute humo!" alisema mmoja wa benchi. "Labda gramu zetu zinaanguka ndani!" Benchi lote likaangua kicheko, naye Abdallah akacheka nao, ila si kwa macho.

"Nitakupa," alisema. "Lakini anipigie muume wako mwenyewe. Aseme alijua. Hapa, wote wasikie. Hawa walikuwapo wote siku niliita watu hapa waone kompyuta yangu."

Mtandao ulikuwa kwenye dirisha moja tu la duka. Latifa alisimama hapo, akampigia mumewe, akamweleza kwa maneno machache, kisha akafungua sauti. Wachimbaji wakaelekeza masikio dirishani. Kwa mbali, ndani ya simu, ilisikika honi ya pikipiki ya Kasongo.

"Kaka Abdallah," sauti ya Nourdine ikasema.

"Nasikia."

"Ilikuwa inazima yenyewe. Hata kabla ya kukuletea. Nilijua."

Abdallah aliichukua simu, akaisogeza sikioni, labda akitarajia zaidi. Hakukuwa na zaidi. "Basi," alisema. "Salimia mama." Akamrudishia Latifa simu kwa mikono miwili.

Kisanduku hakikusogezwa. Latifa alipiga magoti juu ya sakafu ya udongo, akafungua skrubu za nyuma moja moja huku Abdallah ameshika kioo cha mizani kama mtu anayeshika mtoto asiamke, akavuta bati la upande kwa upana wa mkono, akaingiza vidole bila kuona. Vumbi jekundu. Kiota cha mende. Kisha vilimi viwili vya plastiki, ambavyo alivijua kwa kugusa kutoka kwenye mashine yake mwenyewe. Bareti ikatoka. Mshale wa mizani haukutikisika.

"Ona mikono hiyo," alisema yule wa benchi. "Mama, kuja tuchimbe na wewe."

*

Ijumaa asubuhi Nourdine alikifunga kisanduku kwenye baiskeli kwa mpira, akakisukuma mpaka redio. Huko kulikuwa na gurupe, jenereta ya redio, iliyowashwa mpaka saa nane, na Ayoubu alikuwa na haraka: mnara wao wa kijijini ulikuwa umenyamaza na pikipiki ilikuwa ikimngoja. Skrini na klavye zilibaki nyumbani, maana redio ilikuwa nazo. Bareti ya Lusangi ilipoingizwa, mashine ilipiga kelele tatu ikakataa. Ayoubu akayasugua meno ya bareti kwa kifutio cha mwanafunzi, akairudisha. Kelele moja. Kioo kikahesabu: mia tano na kumi na mbili.

Alihamisha kwanza barua za watu kwenye flash ya redio, akazisafisha, kisha akafuta disiki yote. Ilichukua saa mbili na nusu. Alimwachia Nourdine karatasi yenye mistari minne: jinsi ya kuwasha, jinsi ya kuona nani ameingia na saa ngapi, jinsi ya kuzima. Na neno la siri: *maniema*, kwa herufi ndogo. Akaondoka kwenda mahali ambapo simu haishiki.

Saa tisa alasiri, nyumbani, mashine iliwaka. Hakukuwa na kioo cha bluu. Kulikuwa na jina lake, Latifa, katikati ya kioo, na chini yake kisanduku cheupe kikingoja neno. Latifa aliandika *maniema* bila kutazama vidole, kama alivyoandika kila kitu kwa miaka kumi na moja. Mashine ikakataa.

Aliandika tena, akitazama. Ikakataa. Nourdine akajaribu kwa kidole kimoja. Ikakataa.

"Labda umeandika kwa herufi kubwa."

"Uko unaona mwanga wa herufi kubwa? Mimi siuone."

"Basi Ayoubu alikosea."

"Ayoubu hakosei neno la herufi saba."

"Kama ni hivyo umekosea wewe!"

Mara ya kumi na moja Latifa alisukuma kiti nyuma. Bahasha ilikuwa bado palepale, skochi yake haijaguswa; tangu Jumanne alikuwa ameapa kutoifungua kabla mashine haijawa tayari. Nje, barabarani, Alain alikuwa ametoa kiti chake kivulini na alikuwa akila karanga. Zilikuwa zimebaki saa ishirini na moja.

"Mama?"

Sauti ilitoka nyuma ya dirisha lililofungwa, la upande wa barabara. Aicha. "Nyanya ametuma sombe. Naiweka hapa ku mlango. Siingie."

"Weka uende."

"Munagombana juu ya nini?"

"Mwite aingie," Nourdine alinong'ona. "Yeye anajua hizi vitu kuliko sisi. Nani ataona?"

"Alain iko anaona. Mungu naye." Latifa alisogea karibu na ubao wa dirisha bila kuufungua. "Aicha, bakia hapo hapo. Mashine inakataa neno la siri. Ayoubu aliliweka ku redio. Tumejaribu mara kumi na moja."

"Aliandika na klavye gani? Yenu?"

"Klavye ilibakia hapa. Aliandika na ya redio."

"Ile walileta kutoka Kigoma, ya Kiingereza?"

Nourdine na Latifa wakatazamana. Aicha alikuwa na somo la informatika saa mbili kwa wiki, katika shule isiyo na kompyuta. Mwalimu alikuwa amechora klavye ubaoni kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza, na darasa likaikariri kwa sauti kama meza ya kuzidisha: Q, W, E, R, T, Y. Latifa alimcheka mwaka mzima. *Wanakufundisha klavye ambayo haiko hapa duniani*, alimwambia, kwa sababu klavye yake, kama zote alizowahi kuona, ilianza na A, Z, E.

"Mama, hiyo ni ile yetu ya ubaoni! Mashine inafikiri iko bado na klavye ya Kigoma. Ukigusa A, yenyewe inasoma Q. Neno ni gani?"

Latifa alisita. Kisha akalisema, kwa sauti ndogo, midomo karibu igusane na ubao.

Aicha alifumba macho, pengine. Ndani walisikia tu akinung'unika mistari mitatu ya ubaoni. "Mahali pa A, gusa Q. Mahali pa M, gusa ile alama ya mukato, pembeni ya N. Zingine ziache."

Latifa alirudi kwenye kiti. Mkato, Q, N, I, E, mkato, Q. Kisanduku cheupe kikatoweka, na nafasi yake ikajaa rangi ya kijivu, tulivu, yenye ikoni tatu.

"Imefunguka?"

"Imefunguka. Nenda nyumbani sasa. Upesi."

Walisikia ndala zake zikitembea. Kisha Nourdine akabadilisha klavye kuwa ya Kifaransa, wakajaribu printa, wakala sombe, majani yale ya muhogo, kwa kusimama. Ndipo Latifa akachukua wembe, akakata skochi.

*

Prefe Bienvenu alifika Jumamosi saa sita kasoro dakika tano. Karatasi kumi na nne zilikuwa mezani, zimepangwa kwa darasa. Alizikagua zote, hata nukta. Kisha akazirudisha mezani badala ya kuzitia mkobani.

"Madamu Latifa, kuna mutu ameniambia kitu. Jana alasiri mutoto wako alikuwa hapa ku dirisha. Anasema mulizungumza naye zaidi ya dakika kumi."

Hakuna aliyeuliza ni mtu gani. Nourdine alitazama ng'ambo ya barabara. Kiti kilikuwa kitupu.

"Ni kweli," alisema Latifa. "Dirisha lilikuwa limefungwa. Bahasha pia."

"Nakuamini. Lakini mimi siulizwe kama nakuamini. Wazazi mia mbili wataniuliza najuaje."

Latifa akaiwasha mashine. Akaandika amri ya mstari wa pili wa karatasi ya Ayoubu, ile ya kuona nani aliingia na saa ngapi, na kando yake akafungua orodha ya mitihani aliyoipiga, kila mmoja na saa yake. "Aicha alituambia namna ya kuandika neno la siri, nikaingia, akaenda. Hii ni saa niliingia. Hii ni saa nilianza karatasi ya kwanza."

Prefe alivaa miwani. Alisoma. Kwa mara ya kwanza wiki ile, akacheka.

"Mashine yako inasema mitihani yangu ilipigwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa elfu mbili na tatu. Aicha alikuwa hajazaliwa. Hata kosa lenyewe lilikuwa halijazaliwa!"

"Betri ya saa imekufa," Nourdine alisema.

Lakini Prefe alikuwa mwalimu wa hesabu, na kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo. "Saa ni ya uongo. Tofauti si ya uongo. Kuingia, moja na dakika tatu. Karatasi ya kwanza, moja na hamsini na mbili. Dakika arobaini na tisa." Akavua miwani. "Hiyo inaonyesha mashine. Haionyeshi bahasha. Skochi haina saa."

Ilikuwa kweli.

"Atafanya mitihani," alisema Prefe. "Atakaa mbele, peke yake, meza yake itagusa ya kwangu. Na hesabu, mutihani wangu, hatafanya huu. Nitamuandikia mwingine. Kwa mukono." Alitia karatasi mkobani. "Na mapatano yetu, tutaona mwaka unaokuja."

Alipotoka, hakuvuka barabara. Latifa alimtazama mpaka kona ili awe na hakika.

*

Aicha aliruhusiwa kurudi nyumbani Ijumaa iliyofuata, mitihani ilipokwisha. Alikuta mama yake akipiga barua ya mtu wa shamba. Akaweka begi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu. Latifa alimaliza mstari, akamaliza na wa pili.

"Hesabu?" alisema.

Aicha alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Wenzake walikuwa wamepewa maswali meusi, yaliyonyooka, yenye nafasi kati ya mistari, kazi ya Latifa. Yake ilikuwa na mashimo na kona. Prefe aliiandika kwa haraka, labda asubuhi ile ile, na swali la nne lilikuwa limepanda juu ya la tatu.

Latifa aliisoma kutoka juu mpaka chini bila kusimama. "Hii ni saba au moja?"

"Ni saba. Moja yake haina kofia."

"Ulijua?"

"Nilijua zote." Aicha alinyoosha vidole vya miguu. Tangu akiwa darasa la pili la sekondari alikuwa akifanyia mazoezi nyuma ya rasimu za mitihani ya miaka iliyopita, ambazo nyumba hii haikuzitupa kamwe. Upande mmoja herufi zake, upande mwingine za Prefe. "Nilimaliza wa kwanza. Alikuwa ananitazama. Akasema, unasomaje mwandiko wangu upesi hivi, na walimu wangu hawawezi?"

Mikono ya Latifa ilisimama juu ya klavye: jibu baya lingemfanya Prefe adhani bahasha ilisomwa humu ndani.

"Ukamujibu nini?"

"Nilimuambia, mama yangu ni mupiga mashine."

"Na yeye?"

"Akaandika kitu ku daftari lake. Kidogo tu. Nilijaribu kukisoma juu chini."

"Ukasoma?"

"Alifunika na mukono," alisema Aicha, akainuka kwenda kutafuta sombe.